Mara Saba, na Moja kwa Udongo

Mwanangu Raya,

Salamu leo nazivuka, maana mimi nikianza kusalimia nitaanzia kwako nimalizie kwa mbuzi wa jirani, na karatasi nilizonazo ni hizi chache nilizozichana kwenye daftari la oda za mikate. Umekwenda Mkokotoni kuwaaga wazee, umesema utarudi magharibi. Sasa ndiyo kwanza watu wanatoka kusali laasiri. Muda ninao, nyumba iko kimya, na hili ninalotaka kukwambia siwezi kulisema huku unanitazama kwa hayo macho ya marehemu baba yako.

Sikuandikii habari za soksi wala vidonge vya malaria. Hayo wameshakwambia wakubwa wako, na wewe si mtu wa kuambiwa vaa sweta. Wewe ni mtoto wa Zuwena. Nani mtaa huu wa Malindi asiyejua kuwa binti wa Zuwena muuza mikate ndiye aliyewapita wanaume jeshini kukimbia na mzigo mgongoni? Nimewaambia wote. Hata wasiouliza nimewaambia. Muuza samaki ananikimbia siku hizi, ananiona anajitia anahesabu changu wake.

Nakuandikia kwa sababu ya kikombe.

Leo asubuhi nilikuwa nimesimama ngazini na kapu la mchele, nikakuona uani pale bombani umechuchumaa. Umeshika kile kikombe cha plastiki cha buluu nilichokutengea tangu siku ya pili ya likizo yako. Unakiosha peke yake, mbali na vyombo vyengine, na midomo yako inahesabu. Ulipofika mara ya saba ukakifudikiza juu ya tofali kikauke, ukajifuta mikono, ukaanza kuimba kidogo kama mtu asiyeumia. Hukuniona. Nilirudi juu nikakaa kwenye gunia. Kinyaa kilinishika, Raya. Wala hakikuwa cha mbwa wako. Nilijichukia mimi, maana mtu wa pili huyo ninamuona akiosha hivyo katika ua huu huu, na wote wawili nimewaoshesha mimi.

Nianze na lako, unalijua, lakini nataka ulisikie kutoka kwangu.

Ulirudi kutoka bara mabega yamepanuka kama ya mpiga makasia. Nikakupikia wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Ukanitolea simu, ukasema, "Mama, hebu mtazame mwenzangu." Nikadhani mchumba. Nikafuta mikono vizuri, nikavaa na miwani. Nikaona mbwa. Ulimi uko nje kama kitambaa cha jikoni kilicholowa, mate yanachuruzika mpaka kifuani, na mkono wako wewe, mkono niliouogesha mimi, umemzunguka shingoni.

"Anaitwa Pilipili," ukasema. "Tunakwenda pamoja nchi ya watu, kulinda amani. Yeye ndiye anayenusa mabomu yaliyofukiwa. Mimi natembea nyuma yake."

"Amekulamba?"

"Mama..."

"Nakuuliza kitu kidogo tu. Amekulamba au hajakulamba?"

"Mbwa atakosa kulamba, mama? Na mimi huosha, mara saba, kama dini inavyotaka, wenzangu wa bara wananicheka."

Nikaiondoa sahani mbele yako na wali ungalimo. Nikasema neno ambalo mzazi halisemi. "Ukirudi kumgusa mnyama yule, radhi zangu usizitafute." Na wewe, badala ya kunijibu kama nilivyokuwa nikimjibu bibi yako nilipokuwa msichana, ukainamisha kichwa. "Bila radhi zako siendi, mama. Nitawaandikia nikatae." Tangu siku hiyo umeniomba mara mbili, na mara zote mbili nimejifanya nachochea makaa.

Boti ni kesho saa moja asubuhi. Barua ya kukataa nimeiona jana nilipotandika kitanda chako, imekunjwa chini ya mto, haijatiwa sahihi. Najua inamngoja nani.

Basi kabla hujaitia sahihi au kuichana, sikiliza habari za mjomba wako Makame. Nilikudanganya habari zake.

Wewe unamkumbuka kama mjomba aliyekufundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili ulipokuwa na miaka minane. Nilikwambia alihamia shamba, Kizimbani, kwa ajili ya kifua, ati hewa ya mikarafuu inamfaa. Kifua cha Makame kilikuwa kizima kuliko changu. Mimi ndiye niliyemtoa humu ndani.

Baba yetu alikufa tungali Tumbatu, mama yetu akawa mtu wa kuuguzwa. Aliyenilea ni Makame. Alinipita miaka kumi na miwili. Alikuwa akinichana nywele, mwanamme mzima, ananichana vibaya mpaka nalia, halafu ananibeba mabegani nipate kunyamaza. Alipoingia jeshini nililia kama mjane. Wakampeleka bara, huko wakamfundisha kazi ya mbwa, kazi hii hii yako. Sisi hatukujua. Kila likizo anakuja amenyooka, nguo zina mkunjo wa pasi, ananukia sabuni. Kumbe alikuwa akijitwahirisha huko huko kabla hajapanda boti, asituletee tabu. Hata wewe ulikuwa ukifanya hivyo hivyo, nimelijua sasa.

Halafu wakampeleka vitani, nchi ya watu, msituni. Miaka miwili. Aliporudi alikuwa keshastaafu, akaja kukaa hapa na sisi, chumba kile cha chini kilicho karibu na ua. Ilikuwa Shaabani.

Shaabani kwangu unaijua. Ndio mwezi wanaopanga watu oda za mikate ya kumimina, ile ya mchele, kwa ajili ya Ramadhani, na mimi sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli: mkate wangu hauna mfano mji huu. Wanatoka Kikwajuni, wanatoka Mwembetanga, wanapita wauzaji sita njiani wanakuja kwa Zuwena. Si kwa utamu tu. Utamu hata Bi Mgeni wa nyumba ya pili anao, ingawa iliki anazidisha. Wanakuja kwa twahara, usafi wa ibada. Zuwena hatii mkono kwenye mchele bila udhu. Zuwena ana ndoo ya maji ya mikate na ndoo ya maji ya vyombo, na ndoo hizo hazijapata kuonana. Mtu anafungulia saumu kwa mkate wangu moyo wake umetua. Jina hilo nililipenda, mwanangu. Nililipenda kuliko watu, Mungu anisamehe.

Wiki ya pili ya kukaa kwake niliingia kumbadilishia shuka. Chini ya mto nikakuta mkanda wa ngozi, mweusi kwa jasho, una pete ya shaba. Kwenye mshono wake kumenasa vinywele vifupi vya rangi ya hudhurungi. Nikaunusa. Sijui kwa nini mtu hunusa kitu ambacho tayari kinamchukiza. Ulinuka mafuta, jasho, na mnyama aliyenyeshewa. Nikashuka nao uani nimeushika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

Makame amekaa kibarazani ananyoa ndevu. Bi Mgeni yupo, alikuja kuazima chekeche, na wateja wangu wawili wamekaa kwenye mkeka wanaandikisha oda.

"Kaka, hiki nini?"

Akageuka, povu shavuni. "Kiweke, Zuwena. Ni mkanda wa Shangazi."

"Shangazi gani anafungwa mkanda?"

"Mbwa wangu wa kazi. Askari walimwita Shangazi kwa sababu hakuna lililofichwa asilolijua." Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona anacheka tangu arudi.

Bi Mgeni akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mbwa! Na mchele umeuroweka wapi, Zuwena? Na hizo shuka unafulia ndoo ipi? Haya, Bi Twahara, leo umepatikana!"

Wateja wakatazamana. Mmoja akaanza kukusanya buibui lake.

Ukitaka kujua mtu anaharibika kwa muda gani, ni muda huo wa mteja kukusanya buibui. Nilikuwa na jiko la makaa limeshakolea, lile lile la mikate. Nikautupa mkanda ndani. Ngozi haiwaki haraka. Hujikunja kwanza, halafu hutoa moshi mnene, halafu ndipo hushika. Makame alinyanyuka mkono wake umenyooka mbele, ukafika nusu ya njia ukasimama. Moshi ule ulinuka mpaka barabarani, na mimi nikaona bado haitoshi, kwa sababu Bi Mgeni alikuwa angali amesimama.

"Nawa," nikamwambia kaka yangu. "Mara saba, na moja kwa udongo."

"Mkavu ule, Zuwena. Miezi sasa haujaona maji."

"Nawa nikuone!"

Nikachota udongo kwenye kopo la mrehani nikaumimina mbele ya miguu yake. Akachuchumaa bombani. Mtu aliyepita vitani, mwenye mvi, povu limemkaukia shavuni. Akanawa, na mimi nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, ili jirani wa nyuma naye asikie. Alipomaliza ya saba akajifuta kwa shuka lake mwenyewe, akaniuliza taratibu, "Nimetwahirika sasa, mdogo wangu?"

Nikamjibu, "Sijui."

Nikaumwaga mchele wote uliosagwa, sufuria tatu, kwenye mfereji, Bi Mgeni anatazama. Kesho yake kabla watu hawajaja Makame alifunga mkoba wake. Akapata kazi ya ulinzi shamba la Kizimbani na kibanda cha kukaa. Mimi nilikuwa macho, nilimsikia akifungua komeo. Sikutoka. Na Ramadhani ile, Raya, nilipata wateja kuliko miaka yote, maana Bi Mgeni alinitangaza mji mzima: Zuwena hata ndugu yake hamuonei haya kwenye twahara. Nikafurahi. Naliandika neno hili na silifuti: nilifurahi.

Kizimbani si Makka. Unapanda gari unafika hujamaliza kutafuna njugu. Miaka minne sikukanyaga. Nilikuwa nikimpelekea mkate kila Ramadhani kwa mkono wa mtu, na unajua nilikuwa nautia ndani ya nini? Pakacha la makuti. Siyo sahani, siyo bakuli. Pakacha, kusudi litupwe huko huko, chombo chake kisirudi kwangu. Naye alikuwa akiniletea matunda kwa mkono huo huo, shokishoki na madoriani. Nilikuwa nayaosha, halafu nayagawa kwa majirani, sisi hatuli. Naamini alijua. Mtu akiletewa mkate ndani ya pakacha miaka minne hawezi kukosa kujua.

Halafu wakaja kuniambia amefariki. Usingizini, siku mbili zimepita.

Nikaenda na wanaume wa msikiti wetu. Kibanda kiko ndani kabisa, nyuma ya safu za mdalasini. Mlangoni kuna mbwa. Siyo mbwa wa jeshi, mbwa shenzi, jike, manjano chafu, ana upele mgongoni na chuchu zinaburura. Kaweka kichwa chake juu ya ndara za Makame. Mkulima mmoja wa pale akatwambia, "Bila ya huyu tungekuwa hatujui mpaka leo. Alitufuata kwenye mikarafuu anatuvuta nguo kwa meno. Tukampiga, akarudi. Tukampiga, akarudi."

Mimi nimeziba pua kwa buibui.

Wanaume wakataka kupita na jeneza, mbwa hatoki. Wakaanza kumrushia mawe. Moja likampata jichoni. Alilia kama mtoto, akasogea hatua tatu, akakaa. Wakamrushia tena. Na mimi, niliyebebwa mabegani na maiti ile, nikasema moyoni, afadhali.

Mbwa yule alikaa siku mbili na kaka yangu. Mimi miaka minne sikukaa naye hata kwa kikombe cha chai. Na nilipomuona anapigwa mawe nikasema afadhali. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Siku ya hitma, kisomo cha kumuombea marehemu, akaja mwanamme mmoja wa bara, mkubwa kama kabati, Mkristo. Akavua viatu vyake vizuri, akakaa karibu na mlango. Alikuwa sajenti, walikuwa pamoja msituni. Baada ya watu kula akanifuata nyuma ya nyumba akanipa pole. Halafu akasema, "Dada, nisamehe. Ule mkanda wa Shangazi uko wapi? Ningeomba niushike tu."

Nikamwambia, "Umepotea."

Kisha akanihadithia, labda alifikiri nayajua. Kwamba Shangazi alikuwa anatangulia njiani, Makame nyuma, wengine wote nyuma ya Makame, kila mtu anakanyaga alipokanyaga mwenzake. Akinusa bomu habweki. Hukaa tu. "Akikaa yule," sajenti akasema, "wanaume thelathini tunasimama kama tumepigwa msumari. Mimi nina watoto wawili, dada. Wote wamezaliwa baada ya siku moja ambayo Shangazi alikaa." Mvua zikinyesha Makame hulala naye mgongo kwa mgongo, asubuhi huchota maji na udongo wa msituni, ananawa, anahesabu, anasali. Wenzake wakimcheka huwaambia, "Mate yake najisi, yeye mwenyewe ni askari mwenzenu."

"Na alipokuwa anarudi alimwacha wapi?" nikauliza. Bora nisingeuliza.

"Ndege ilikuwa ya watu. Ikaja amri mbwa wazee wasirudi. Shangazi macho yalikuwa yameshaanza ukungu. Na hakuwa anakwenda kwa mtu mwengine, dada. Kwa hiyo wakampa Makame bunduki." Sajenti alikuwa anatazama ukuta. "Alimpeleka mtoni. Akamvua mkanda kwanza. Tukasikia mlio mmoja. Aliporudi, mkanda kauzungusha kwenye kiganja, hakuuachia mpaka tuliposhuka uwanja wa ndege."

Niliingia chooni nikatapika.

Tangu siku hiyo mimi nina kinyaa ambacho sabuni haikitoi. Ninachukizwa na wanaume wanaofukia chuma ardhini, wanapiga udongo kwa kiganja kama mama anayempiga mtoto mgongoni alale, kusudi mwanamke anayekwenda kuchota maji aruke vipande. Ninachukizwa na wanaosema kulinda amani, kwani mahali penye amani nani hupeleka bunduki? Ninachukizwa na yule aliyekaa juu ya kiti akaandika majina ya kupanda ndege, akafika kwa aliyewaokoa wote akapiga mstari. Na nikimaliza kuwachukia wote hao namfikia mwanamke mmoja na jiko lake la makaa, na yeye ndiye ninayelala naye kitanda kimoja.

Nilikwenda kwa Maalim wa msikiti wetu. Nikamuuliza kama swali la mtu mwengine.

"Mkanda mkavu na mkono mkavu, Bi Zuwena, hakuna cha kuosha," akasema. "Hata mara moja."

"Na mbwa wa kazi?"

"Wa kulinda na wa kuwinda hata wazee wetu walikuwa nao. Mate yakikupata, osha kama ulivyofundishwa, kisha sali. Basi."

"Sasa yule ndugu alinawishwa kwa sababu gani?"

Maalim akatazama kitabu chake. Alikuwa ameshajua ni nani. "Hilo si swali la fiqhi, Bi Zuwena."

Kumbe sikuwa nalinda dini. Dini haikuniomba kitu siku ile. Nilikuwa nalinda jina langu mbele ya mwanamke aliyekuja kuazima chekeche.

Sasa utaniuliza, mama, ikiwa haya yote unayajua miaka kumi na miwili, mbona umeniondolea sahani?

Nimelifikiria hilo asubuhi nzima juu ya gunia. Na nitakwambia ukweli, ingawa unanidhalilisha. Uliposema natembea nyuma yake, sikumuona mbwa. Nilikiona kile chuma chini ya udongo. Nilikuona wewe. Nikatafuta neno la kukuzuia, na neno naogopa sikulizoea, mimi Zuwena siogopi, mji mzima unajua. Neno nililolizoea ni najisi. Nikalitoa. Nikaona linafanya kazi: umesema huendi. Wiki tatu hizi nimekuwa nakuona umenyong'onyea, unaosha kikombe, na ndani yangu kuna mtu anasema, mwache, maadam anabaki. Barua yako nimeiona chini ya mto nikasema alhamdulillahi. Ndivyo nilivyo. Nilimtoa ndugu yangu nyumbani kwa neno lile, na kwa neno lile lile nilitaka kukufungia wewe ndani.

Usije ukadhani nimegeuka, nimekuwa mpenda mbwa. Hapana. Nikiikumbuka picha ile na ulimi ule koo linanipanda hivi hivi ninavyoandika. Sitampenda. Akija hapa sitamfungulia. Kinyaa changu ni cha kweli, nimezaliwa nacho, nitazikwa nacho. Lakini kinyaa hakina haki ya kushika radhi za mtoto. Mtu anaweza kuziba pua na bado akasema ahsante. Mimi sikujua kama yanawezekana yote mawili, hakuna aliyenifundisha, na shule yangu iliishia darasa la saba.

Jambo moja nataka ulifanye, na hili si la mama, ni la mtu aliyemuona Makame baada ya kurudi. Kabla hujapanda ndege, waulize wakubwa wako: siku ya mwisho Pilipili anakwenda wapi? Uliza kwa maandishi, wajibu kwa maandishi. Uliza sasa wakiwa wanakuhitaji. Wanamsikiliza mtu anayekwenda, anayerudi hawamjui. Wakikasirika, waambie umeambiwa na mama yako, na wakitaka kunijua waje Malindi waulize nyumba ya mikate. Nitawapikia, na wakiisha kushiba nitawauliza mimi.

Na likija lile ambalo hakuna anayelitaka, wakakupa bunduki, sikwambii ufanye nini. Sijapata kushika bunduki. Ila usirudi kwangu umenyamaza. Makame alikaa chini ya dari hii wiki mbili na hadithi ile imemkwama kifuani, na mimi sikumuuliza hata, kaka, huko ulikuwa na nani? Nilikuwa nahesabu oda. Wewe nitakuuliza. Utanisimulia kila kitu, na harufu zake na mate yake. Pua nitaiziba, masikio nitayaacha wazi.

Nasikia Bi Mgeni anapanda ngazi, bila shaka anataka kujua kama unakwenda au huendi. Nitamwambia, mwanangu anakwenda na mbwa, mbwa mwenye cheo kuliko mumeo. Afe na hilo.

Ile barua ya chini ya mto sikuigusa. Ichane mwenyewe.

Mimi, Zuwena binti Khamis, niliyekubeba miezi tisa na kukunyonyesha miaka miwili kamili, nimekuridhia. Radhi zangu unazo, ukiwa njiani, ukiwa kazini, ukiwa umelala nje na mvua inanyesha. Sizirudishi nyuma ukikosea, na sizirudishi nikikasirika. Hata nikija kusema vyengine siku moja kwa mdomo wangu huu mbaya, usinisikilize, shika hii niliyoiandika.

Visheti vimo ndani ya mkoba mdogo, vyako na wenzako. Mbwa usimpe, nitajua. Yeye mpe maji, na umpe kabla hujanywa wewe.

Mama yako,
Zuwena